Tani Moja, Uniti Ngapi?

Kiwanda cha saruji kinachofanya kazi yote, kuanzia mwamba hadi mfuko, hutumia umeme wa takriban uniti 100 kwa kila tani. Ukisikia kingine kinajisifu kwamba kinatumia 40, usikimbilie kumpongeza meneja wake. Huenda hakina tanuri kabisa. Kinapokea klinka, zile kokoto za kijivu zilizochomwa kwingine kwa joto la nyuzi 1,450, pengine ng'ambo ya bahari. Chenyewe kinasaga, kinachanganya jasi na kufunga mifuko. Moto mkubwa uliwaka kwa mtu mwingine. Ni sawa na jirani anayenunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa, kisha anashangaa kwa nini gunia lako la mkaa halidumu kama lake.

Afrika Mashariki ina viwanda vya aina zote mbili, na mara nyingine vyote vimo ndani ya kampuni moja: Bamburi ina tanuri Mombasa na kituo cha kusagia Athi River. Ukivipanga viwanda hivi kwa uniti kwa tani, wa kwanza mpaka wa mwisho, umepima kitu, lakini si ufanisi. Umepima nani anachoma na nani anasaga. Na orodha za namna hii ndizo zinazopendwa na mawaziri, wafadhili na waandaaji wa tuzo, kwa sababu zinasomeka haraka.

Kugawa nishati kwa uzalishaji ni hesabu ya shule ya msingi. Ugumu uko kabla ya kugawa: mpaka wa kiwanda umechorwa wapi, nishati ipi imehesabiwa, na tani ipi imetumika kugawia. Anayeamua mambo hayo matatu ameshaamua nani atashinda, hata kabla mita haijasomwa.

Tuanze na tanuri, maana huko ndiko nishati nyingi inakokwenda, na huko ndiko sayansi inatupa kitu adimu: kikomo. Kugeuza mawe ya chokaa na udongo kuwa klinka kunadai takriban gigajuli 1.75 za joto kwa tani, hata umlete fundi gani. Tanuri bora la kisasa, lenye mnara unaopasha unga kwa moshi wa tanuri lenyewe kabla haujaingia, hutumia karibu 3. Tanuri la kizamani la tope, ambalo malighafi huingia ikiwa uji, hupita 5 na linaweza kufika 6, kwa sababu sehemu kubwa ya moto inaishia kukausha maji. Rwanda inaijua tofauti hiyo vizuri. CIMERWA, kule Rusizi, ilianza mwaka 1984 kwa njia ya tope, na ikaachana nayo mwaka 2015 ilipozindua mtambo mpya wa njia kavu.

Kwa muda wote wa katikati, fundi wa Rusizi angeweza kuziba kila tundu la hewa, kurekebisha kila kichomeo na kukesha kando ya tanuri, na bado mwenzake mzembe mwenye tanuri la kisasa angemshinda kwenye karatasi. Kwa hiyo pengo kati ya kiwanda na bingwa wa dunia lina vipande viwili visivyofanana. Kimoja ni cha mtambo: kilinunuliwa siku ya ujenzi na hakiondoki bila mtaji mkubwa. Kingine ni cha uendeshaji: matengenezo, mpangilio wa kazi, nidhamu ya kuzima. Cha kwanza ni swali la kumuuliza mwenye hisa; cha pili ni la meneja na mafundi wake. Ulinganisho usiotenganisha viwili hivi humlaumu fundi kwa uamuzi uliopitishwa kabla hajaajiriwa, au humsifu kwa mashine ambayo hakuichagua.

Malighafi nayo ina neno lake. Jiwe la matumbawe la pwani, kama lile la Wazo Hill jijini Dar es Salaam, ni laini kusaga lakini hubeba unyevu, na unyevu hulipiwa kwa moto. Saruji ya daraja 42.5 kwa kawaida husagwa laini zaidi au hutiwa klinka nyingi kuliko 32.5, na ulaini hulipiwa kwa umeme. Mjenzi anayeagiza mfuko wenye nguvu zaidi ameongeza matumizi ya nishati ya kiwanda bila kugusa swichi yoyote.

Halafu kuna swali la tani ipi. Umoja wa Ulaya ulipoweka vigezo vya kugawa vibali vya hewa chafu kwa viwanda, ulichukua wastani wa mitambo bora kumi katika kila mia. Kwa upande wa klinka ya saruji ya kijivu, kigezo cha kipindi cha 2013 hadi 2020 kilikuwa kilo 766 za kaboni dioksidi kwa tani ya klinka. Angalia neno la mwisho: klinka, si saruji. Kiwanda kinachopunguza klinka kwa kuchanganya pozolana, majivu yale ya volkano yanayopatikana kwa wingi kwenye bonde letu la ufa, hakionekani bora hata chembe kwa kipimo hicho, ingawa kila tani ya saruji yake imebeba moto mdogo zaidi. Ukigawa kwa tani ya saruji, mchanganyaji anapata sifa yake, lakini mwenye kununua klinka nje naye anapenya mlango uleule. Sioni kigawio kisicho na dosari. Kinachotakiwa ni kutoa namba zote mbili na kuzitaja kwa majina yake, joto kwa tani ya klinka na umeme kwa tani ya saruji, kisha klinka iliyonunuliwa iandikwe kama nishati iliyoingia getini ikiwa imejificha ndani ya kokoto.

Suala la nishati ipi inahesabiwa lina uzito wa pekee katika nchi ambazo umeme hukatika. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, sawa na uniti 10. Jenereta nzuri itakurudishia uniti tatu na nusu hadi nne. Zilizobaki zimetoka kama joto na moshi. Sasa chukua kiwanda kilekile, mota zilezile, mafundi walewale. Mwezi ambao umeme wote umetoka gridini, uniti moja inaandikwa megajuli 3.6. Mwezi wa jenereta, uniti ileile inaandikwa 9 au 10, kwa sababu kinachoingia getini ni dizeli. Katika mwaka wa mgawo, kama ilivyokuwa Tanzania mwaka 2006 na 2011, kiwanda kitaonekana kimeharibika ghafla ilhali kilichoharibika ni mfumo wa ugavi. Kiwanda cha Dangote cha Mtwara kilianza mwishoni mwa 2015 kwa jenereta za dizeli na kikaunganishwa na gesi asilia mwaka 2018. Anayetaka kujua kama kilijifunza kubana nishati katika miaka ile ni lazima kwanza aondoe kelele zote za kubadilisha chanzo.

Wengine hulitatua kwa kurudi hadi chanzo: kila uniti ya gridi huzidishwa ili kuhesabu mafuta yaliyochomwa kwenye mtambo wa kufua umeme. Wamarekani, katika mpango wao wa ENERGY STAR, huzidisha kwa karibu mara tatu. Kwao inaleta maana, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wao hutokana na kuchoma gesi na makaa. Kuichukua namba hiyo na kuibandika Kenya, ambako jotoardhi la Olkaria na maji ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya gridi, ni kukihukumu kiwanda cha Thika kwa makaa ya Ohio. Nimeona zana za kukokotolea ufanisi zikigawiwa kwenye warsha zetu zikiwa na kizidishio hicho ndani, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi.

Mpaka hapa tumelinganisha kiwanda na kiwanda. Lakini udanganyifu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, uko ndani ya kiwanda kimoja, mwezi kwa mwezi. Tufanye mfano wa kubuni. Mwezi mmoja kiwanda kimezalisha tani 2,000 na kutumia uniti 300,000, yaani uniti 150 kwa tani. Mwezi unaofuata soko limelala. Kimezalisha tani 1,000 na kutumia uniti 220,000, yaani 220 kwa tani. Kikao cha Jumatatu kinawaka. Kwa nini uniti kwa tani zimepanda kwa karibu nusu? Nani amelala kazini?

Hakuna aliyelala. Tani zimepungua 1,000 na uniti zimepungua 80,000. Kila tani inahitaji uniti 80. Tani 2,000 zilidai 160,000. Hizo nyingine 140,000 zililiwa bila kujali uzalishaji, na mwezi mfu wenye tani sifuri ungezila vilevile. Huo ndio mzigo wa kudumu: taa, feni, pampu zinazozungusha maji ya kupozea mashine iliyozimwa, vikompresa vinavyojaza hewa kwenye mabomba yanayovuja. Kwenye chati ya uniti dhidi ya tani, miezi miwili tu haitoshi, lakini ukiwa na miezi ishirini na minne nukta hujipanga karibu na mstari, na mahali mstari unapokata mhimili wa wima ndipo pesa ilipo.

Meneja anayetazama uniti kwa tani peke yake atapata sifa asizostahili mwaka wa mauzo mazuri na lawama asizostahili mwaka wa mauzo mabaya. Anayetazama mstari ataona lini nukta ya mwezi inakaa juu yake, yaani kiwanda kimetumia zaidi ya kilivyopaswa kwa tani zile, na atajua kuna kilichobadilika. Akijumlisha tofauti hizo mwezi baada ya mwezi, mchoro unakuwa mkali zaidi: unapopinda juu na kuendelea kupanda, rudi kwenye daftari la matengenezo la mwezi ule uliopinda. Mara nyingi utakuta kitu kidogo. Vali iliyobadilishwa, mota iliyosukwa upya, mkanda usio wake.

Kipimo kizuri kuliko vyote cha mzigo wa kudumu hakihitaji programu ya kompyuta wala mshauri. Nenda kiwandani Jumapili usiku, uzalishaji ukiwa umesimama, usome mita. Kisha simama karibu na kikompresa. Hakuna mashine inayotumia hewa, kwa hiyo kingepaswa kujaza tangi na kunyamaza. Kikianza kunguruma tena baada ya muda mfupi, hewa inatoka mahali. Pima sekunde kinazofanya kazi na sekunde kinazopumzika. Sekunde za kazi zikigawiwa kwa jumla ya sekunde zote hukupa sehemu ya uwezo wa kikompresa inayopotea. Katika viwanda visivyotunzwa, kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya kikompresa ni jambo la kawaida. Mlinzi wa usiku mwenye saa ya mkononi anaweza kuifanya kazi hii, na ripoti yake ikawa na thamani kuliko kurasa nyingi za ukaguzi zenye picha za rangi.

Viwango vya kimataifa vimelielewa jambo hili la kiwanda kujipima dhidi yake chenyewe. ISO 50001, iliyotoka mwaka 2011 na kuandikwa upya mwaka 2018, haimwambii mtu atumie uniti ngapi. Inamtaka achague kiashirio chake, aweke msingi wa kujilinganisha nao, na aonyeshe kwamba anasonga mbele, huku akirekebisha hesabu pale mambo kama wingi wa uzalishaji au hali ya hewa yanapobadilika. Udhaifu wake ni upande wa pili wa nguvu yake. Kiwanda kibovu kilichopunguza ubovu kidogo kinapata cheti, na kizuri kilichofika ukingoni kinatokwa jasho kutafuta cha kuonyesha.

India ilikutana na mtego huohuo kwa kiwango cha taifa. Mpango wake ulioanza mwaka 2012, unaojulikana kwa kifupi kama PAT, ulizipa sehemu za kazi 478 katika sekta nane malengo ya kupunguza nishati kwa kila kizio cha bidhaa, yakihesabiwa lango hadi lango. Aliyevuka lengo alipewa vyeti vya kuuza, kila kimoja sawa na tani moja ya mafuta, aliyeshindwa alivinunua. Kila kiwanda kilishindana na jana yake, na anayetumia nishati nyingi kuliko wenzake alipewa punguzo kubwa zaidi la kufikia. Sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu ikawa ni marekebisho: mzigo ulishuka kwa sababu ya soko, ubora wa makaa umebadilika, bidhaa imekuwa nyingine. Si ujanja. Lengo lisilorekebishwa lingeadhibu mdororo wa uchumi na kulipa bahati.

Wamarekani wakachukua njia tofauti. Kwa sekta kama saruji, uunganishaji wa magari na usindikaji wa mahindi, ENERGY STAR hutoa alama kutoka 1 hadi 100: kiwanda chenye 75 kimewashinda wenzake 75 katika kila mia, baada ya hesabu kuondoa tofauti wasizozitawala, kama aina ya bidhaa na hali ya hewa. Hesabu hizo zilitengenezwa na mtafiti Gale Boyd na wenzake, na kilichoziwezesha nyingi kati yake ni hazina ambayo sisi hatuna: takwimu za siri za sensa ya viwanda, za kila kiwanda kimoja kimoja, ambazo mtafiti anaruhusiwa kuzichambua lakini si kuzitoa nje. Kule kuna viwanda vya kutosha kujificha ndani ya wastani. Tanzania ukitoa wastani wa viwanda vitatu vya saruji vinavyofanana, mwenye kimoja atatoa namba yake, na kwa hesabu ndogo atakuwa amewajua washindani wake nusu nusu. Usiri wao si ukaidi mtupu.

Kwa hiyo kuiga alama ya 1 hadi 100 kwa saruji ya nchi moja ni kujenga nyumba isiyo na watu. Ikiwa lazima, iwe ya ukanda wote, au kila kiwanda kijipime dhidi ya takwimu za jumla za dunia ambazo sekta ya saruji yenyewe imekuwa ikizikusanya kwa miaka mingi. Lakini kuna sekta moja huku kwetu ambayo ina viwanda vingi, vinavyofanana, visivyogombana, na ambayo kwa kushangaza husahauliwa. Chai.

Kilo moja ya chai kavu inahitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Tofauti hiyo ni maji. Sehemu yake huondoka kwenye vitanda vya kunyausha, kwa upepo wa feni na joto kidogo. Kilo mbili hivi zilizobaki huondolewa na kikausho. Kuzifukuza kilo mbili za maji kunadai takriban megajuli 5. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 14 hivi. Kwa hesabu tupu, basi, kilo moja ya kuni ingetosha karibu kilo tatu za chai. Kiwandani kuni huliwa mara kadhaa ya hiyo, na hapo ndipo uchambuzi unapaswa kuanza, kwa kuwa hasara imegawanyika: boila, mabomba ya mvuke yasiyofunikwa, hewa moto inayotupwa ikiwa bado na kazi, na kuni zenyewe.

Na kuni zenyewe ndizo zinazopimwa vibaya kuliko vyote. Hununuliwa kwa mita ya ujazo, zikiwa zimepangwa lundo. Lundo lina nafasi kati ya magogo, na mpangaji hodari wa upande wa muuzaji anajua kuzikuza nafasi hizo. Kibaya zaidi, lundo halisemi lolote juu ya unyevu. Kuni zenye maji nusu ya uzito wake hutoa takriban megajuli 8 kwa kilo badala ya 14, maana nusu ya kila kilo ni maji, na lazima kwanza zijikaushe zenyewe ndani ya boila. Kiwanda kinachoripoti kilo za chai kwa kila mita ya ujazo ya kuni kimechanganya ufanisi wa boila, ujanja wa mpangaji na msimu wa mvua katika namba moja. Kibanda cha kuhifadhia kuni kwa miezi kadhaa, mizani ya lori na kipima unyevu kidogo cha mkononi vingetenganisha hayo matatu, na havigharimu kama boila mpya.

Viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA nchini Kenya vinazidi sitini, vinatumia hatua zilezile za kazi, na vingi vinauza kwenye mnada uleule wa Mombasa. Vinatofautiana kwa mwinuko, mvua na umri wa mashine, mambo ambayo hesabu inaweza kuyarekebisha. Wamiliki wake ni wakulima zaidi ya 600,000, na kila shilingi inayoteketea kwenye kuni mbichi inatoka kwenye bonasi yao. Ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kuanzisha ulinganisho wa kweli, wenye mstari na si wastani mtupu.

Sheria haikosekani. Kanuni za usimamizi wa nishati za Kenya za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa kukaguliwa kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainishwa kabla ya kipindi hicho kuisha. Ina maana kwamba ripoti zipo: megajuli, uniti, tani, kiwanda kwa kiwanda. Lakini kanuni hizo ziliuliza kama nusu ya akiba iliyopendekezwa imetekelezwa, na mkaguzi anayelipwa na kiwanda ana kila sababu ya kupendekeza yaliyo mepesi. Badilisha taa. Funga kapasita ili kupunguza kilele cha kVA kwenye bili. Mzigo wa kudumu na joto linalotupwa hubaki kwenye aya ya mwisho ya ripoti, chini ya neno baadaye.

Mdhibiti angeweza kudai kurasa mbili tu za ziada katika kila ripoti: chati ya miezi ishirini na minne ya nishati dhidi ya uzalishaji, na maelezo ya mpaka uliotumika, jenereta na malighafi zilizonunuliwa nusu tayari zikiwemo. Kurasa hizo mbili, zikikusanywa kwa sekta nzima na kuondolewa majina, zingempa mkulima anayekaa kwenye mkutano mkuu wa kiwanda chake cha chai swali la kumuuliza mwenyekiti ambalo leo hana namna ya kuliuliza: kwa nini sisi na wenzetu wa mlima huuhuu, kwa mvua hiihii, tunachoma kuni tofauti?